Mbuzi Aliyejificha Shavuni

Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili, kazi yake ni kusugua mashavu ya watoto kwa ndani. Msicheke, analipwa. Anashika kijiti chenye pamba nchani, nusu dakika shavu hili, nusu dakika lile, anakitia kwenye kichupa na kubandika namba. Watoto wanamwita Mama Pamba, naye anaitika.

Nilipomuuliza wanatafuta nini humo, alinieleza huku anapiga pasi. Mwili wa mtoto ni kama nguo iliyokwisha kushonwa. Lakini maisha, yaani kulala kwake, kula kwake, hofu zake, huweza kufunga vifungo fulani na kufungua vingine. Watafiti wanaviangalia vifungo hivyo mtoto akiwa na miaka minne, kisha saba. Nikaelewa. Vyangu vilishakatika siku nyingi.

Basi siku ya mwisho walibaki watoto kumi na wawili wa miaka saba. Gari la kupeleka vichupa maabara lingeondoka saa sita kamili, na ambaye angekosa siku hiyo angetolewa kwenye utafiti. Miaka mitatu ya kumfuatilia ingekwenda na maji. Nikafuatana na mkwe kliniki nimsaidie. Msaada wenyewe ulikuwa huu: niliwakuta watoto wamenuna kwenye benchi, huruma ikanishika, nikawagawia biskuti za mkobani mwangu.

Mkwe akatoka na glavu zake, akakuta mashavu yote yanatafuna. Kumbe mtoto hatakiwi kula nusu saa kabla, pamba isije ikabeba makombo. Saa ya ukutani ilionyesha tano na dakika tano.

"Mama," akasema polepole, "umenimaliza."

Akawasukutulisha maji, tukakusanya biskuti, ila nyingine zilishafichwa hadi kwenye soksi. Nikavuta kiti.

Nikawaambia kwamba nilipokuwa kama wao, shavu langu lilikuwa kubwa hata nikamficha humo mbuzi wa jirani siku tatu. Akanitafuna meno manne, akazaa mapacha, na mmoja alitoroka, hajaonekana mpaka leo. Hakuna aliyekumbuka soksi yake. Kibogoyo mmoja akauliza kama mbuzi alikuwa na pembe.

"Unadhani makunyanzi haya yametoka wapi, mjukuu wangu?"

Nusu saa ilipopita nikasema huenda yule aliyetoroka yumo shavuni mwa mmoja wao. Mama Pamba atamtafuta kwa kijiti, lakini asiyetulia atamshtua. Vinywa vikafunguka kama vya makinda. Kichupa cha kumi na mbili kiliingia sandukuni dereva akiwa ameshawasha gari.

Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika kama mtoto alikula. Mkwe aliandika ukweli: biskuti, nusu saa na ushee kabla. Mbuzi hakumwandika.

Njiani, kwenye kona ya duka la dawa, akanigeukia.

"Mwakani wanakuja wengine," akasema. "Uje, Mama, ila mkoba wako ubaki nyumbani."

"Na mbuzi?"

Akajaribu kununa, ikamshinda. "Mbuzi mlete."