Viatu vya Kupandia Kilima

Kwenye meza ya mitumba hapa Palma, mchuuzi wa samaki alikuwa akitafuta viatu vya baiskeli vyenye chuma cha kunasa kwenye pedali. Vyake vimebanduka soli, na tenga la samaki wa kupeleka kijiji cha Mute limeshafungwa nyuma ya baiskeli.

Dada muuzaji akamsogezea vyeupe vinavyong'aa. Mchuuzi akavigeuza.

"Chuma kimetokeza, dada. Kwenye mchanga nashuka nasukuma. Nitembee kama bata?"

Akachagua vyeusi: soli ina meno, chuma kimezama ndani. Dada akamshikia baiskeli apande.

"Kavijaribu kilimani kwanza, utalipa ukirudi."

Akapanda kilima kizima na tenga lake, bila kushuka! Sisi wanunuzi wengine pale mezani tukampigia vigelegele.

Nikamnong'oneza dada, "Na akitoroka navyo?"

"Akitoroka, mama, tutajua vinafaa."

Akarudi akicheka, akalipa.