Mafaili Yaliyofungwa

Loretta Prochaska alikuwa ametimiza miaka ishirini na miwili katika idara ya afya ya Kaunti ya Tarrow, kule Ohio, na kila mwezi yeye ndiye aliyeandaa ripoti ya utendaji. Hakuwa mtu wa makuu. Hata waliompigia simu kumtukana aliwajibu kwa upole. Ndiyo maana siku alipoipiga meza ya mkurugenzi kwa ngumi, ofisi nzima iligeuza shingo.

Kisa kilianza na mtoto mmoja. Tarrow imejaa nyumba kuukuu zilizopakwa rangi yenye madini ya risasi. Mtoto akilamba vumbi lake, sumu humwingia damuni na akili hudumaa. Kila mtoto akigundulika kuwa na sumu hiyo, idara ilitakiwa ikague nyumba na kuifunga kesi ndani ya siku thelathini. Ripoti ya Machi ilisema asilimia tisini na saba zimefungwa kwa wakati. Loretta alipokuwa akihakiki orodha, jicho lake likanasa kwenye jina la Amari Pruitt, miaka miwili. Faili la mtoto huyo lilifunguliwa na kufungwa mara tatu kwa mwaka mmoja, na mara zote tatu likahesabiwa kuwa mafanikio. Kila kipimo cha damu kilikuwa kibaya kuliko kilichotangulia.

Akafungua maelezo: "Mzazi amepigiwa simu mara moja. Hakupatikana. Kesi imefungwa."

Akapekua mengine yote. Kati ya watoto mia moja na kumi na wawili, arobaini na mmoja nyumba zao hazikukanyagwa na mkaguzi.

Alimwendea mkurugenzi, Bwana Stimmel.

"Loretta, kiashiria kinapima kufunga kesi," alisema Stimmel bila kuinua macho. "Hakipimi kingine."

"Kwa hiyo sisi tunafunga mafaili, watoto wanaendelea kula sumu?"

"Usinikuzie mambo. Wakaguzi ninao wawili tu. Unataka nichonge wengine kwa mti?"

"Nataka useme kwamba ni wawili! Ukijisifia tisini na saba, nani atakupa wa tatu?"

Hapo ndipo ngumi ilipotua.

Alipotoka kazini alikwenda mwenyewe kwa kina Pruitt. Deshawna, mama yake Amari, alimsimamisha mlangoni.

"Oh, leo mmeikumbuka njia! Mlinipigia saa nne asubuhi niko kazini ghalani, simu zetu zimefungiwa kabatini. Nikawapigia mimi, mara sita, dada! Mashine inaniambia niache ujumbe. Nikaacha. Kuna aliyesikiliza?"

Loretta alichungulia ndani. Nyuma ya Deshawna, mtoto alikuwa ameshikilia ukingo wa dirisha, rangi imebambuka kama magamba ya samaki.

"Mtoe hapo dirishani," alisema Loretta. "Na vumbi usilifagie, lipanguse kwa kitambaa chenye maji."

Jumanne bodi ya afya ilikutana. Loretta alionyesha ukutani safu ya kijani ya asilimia tisini na saba, kisha akaweka pembeni yake safu ambayo hakuna aliyemwagiza: nyumba zilizokaguliwa kweli.

"Hiyo haikuidhinishwa!" Stimmel alifoka.

"Na hawa watoto, nani aliidhinisha walishwe sumu?"

Mjumbe mmoja, Bi Ottilie Hask, daktari wa mifugo mstaafu, akavua miwani. "Mkurugenzi, hizo nyumba arobaini na moja zilikaguliwa?"

"Bi Ottilie, utaratibu wetu…"

"Ndiyo au hapana?"

Stimmel akatazama karatasi zake.

Bodi iliazima wakaguzi kutoka kaunti ya jirani, na nyumba zote zikakaguliwa. Stimmel alibaki na kiti chake. Loretta ndiye aliyehamishwa, akapelekwa dirisha la vyeti vya kuzaliwa, eti apumzike.

Mwezi Agosti Deshawna alifika pale kutaka nakala ya cheti cha Amari.

"Madirisha ya nyumbani wamebadilisha," alisema.

"Na sumu damuni mwake?"

"Imeshuka. Lakini maneno bado hana. Wenzake wanapiga soga, yeye ananyoosha kidole tu."

Hakumshukuru, na Loretta hakutaka shukrani. Alimwandikia jina la mtaalamu wa kuwafundisha watoto kusema, akampa na cheti chake. Hasira ilikuwa bado haijamwisha; cheti cha aliyefuata kwenye foleni alikigonga muhuri kwa nguvu kama ngumi.