Ubani mbele ya sanamu ya shaba

Mume wangu, aliyeuza vitu vya kale katika mtaa wa Ndia Kuu, alileta nyumbani sanamu ya shaba kutoka Uchina, akaiweka ukutani kwenye kidaka cha sahani zangu. Iliketi imekunja miguu, kiganja kimeinuliwa kama cha mtu anayenizuia kupita. Nilimgombeza mume wangu, akacheka tu. Basi kila asubuhi nikaifukizia ubani, kama tufukizavyo nyumba yenye pepo mbaya, chetezo mkononi, nikiisihi itutoke.

Asubuhi moja, nikiwa bado nafukiza, akarudi kutoka dukani anacheka. “Nimemhadithia baharia wa Kichina unavyoifukizia sanamu, akafurahi sana. Kumbe kwao huiabudu hivyo hivyo, kwa moshi na maombi!”

Chetezo kikaniponyoka. Mimi, nisiyekosa sala hata moja!