Oili ya Kaikuru

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Nilifika karakana ya chama cha ushirika pale Bukoba nimevaa ovaroli mpya, bado ina mikunjo ya dukani, nikitegemea kulala chini ya lori kabla ya saa ya chai. Fundi Mkuu alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, kisha akanipa kopo lenye oili chakavu.

"Nusa," akasema.

Nikanusa.

"Inanuka nini?"

"Oili, Fundi."

"Sikilizeni jamani! Kijana wa Rwamishenye amesomeshwa na wazazi wake ili aje kuniambia oili inanuka oili!" Karakana nzima ikaangua kicheko. "Nusa tena, polepole."

Nikafumba macho. Nikamkumbuka mama akikaanga kahawa, jirani akamwita uani, na kahawa ikabaki motoni peke yake.

"Inanuka kahawa iliyoungua."

"Sasa umeanza kazi," akasema Fundi Mkuu, akachukua kopo lake.

Nawaandikia ninyi vijana mnaojifunza ufundi leo, wenye vifaa vinavyosoma kosa la gari kwenye kioo kidogo kama simu. Vifaa hivyo ni vizuri, vitumieni. Lakini nataka mjue tulivyokuwa tukitafuta ugonjwa wa gari kwa pua, kwa sikio na kwa mazungumzo, kwa sababu kuna magonjwa ambayo mpaka leo hayaonekani kwenye kioo. Fundi Mkuu alikuwa na msemo wake, aliurudia hata tulipokuwa tumeuchoka: "Gari lina mashahidi wawili, chuma na dereva. Chuma kichunguze. Dereva muulize, kisha umwangalie anavyofanya, maana mtu husema anachokumbuka, lakini mikono yake hufanya alichozoea."

Malori yetu ya kahawa yote yalikuwa ya gia za mkono. Dereva anakanyaga klachi, injini inaachana na magurudumu, anachagua gia, anaachia klachi, safari inaendelea. Klachi ikiisha unaishusha, unaweka nyingine. Nilidhani hiyo ndiyo dunia yote ya gia, mpaka nilipohamia karakana ya serikali na kukutana na gari la kwanza la otomatiki. Halikuwa na pedeli ya klachi. Niliitafuta chini ya zulia.

Mhandisi wa Mkoa alinikuta nimepiga magoti ndani ya gari lile. Hakunicheka. Alileta feni mbili za mezani ofisini kwake, akazielekeza zitazamane, akawasha moja. Upepo wake ukaanza kuizungusha ile nyingine ambayo haikuwa na umeme.

"Umeona? Hazishikani, lakini moja inaisukuma nyingine. Ndani ya otomatiki kuna kitu kama feni hizi mbili zimefungiwa katika bakuli kubwa la chuma, kati ya injini na giaboksi. Badala ya upepo, weka oili."

Halafu akanieleza sehemu ya pili. Ndani ya giaboksi kuna klachi nyingi ndogo, sahani nyembamba zilizopangwa pamoja. Hazibanwi na mguu wa mtu. Zinabanwa na oili inayosukumwa na pampu, na pampu inazungushwa na injini. Oili ikipungua, pampu inavuta hewa, oili inatoka povu, na povu halina nguvu ya kubana. Hapo injini inanguruma lakini gari haliendi. Ndiyo tunasema gia inateleza.

"Kwenye gari la otomatiki," akamaliza Mhandisi, "oili si ya kulainisha tu. Oili ndiyo mguu wa dereva."

Ndiyo maana hupimwa tofauti, na hapa naomba msome taratibu. Oili ya injini unaipima injini ikiwa imezimwa. Oili ya giaboksi la otomatiki, kwenye magari mengi ya zamani yenye kijiti cha kupimia, unaipima injini ikiwa inaunguruma na gari limepata joto, likiwa mahali tambarare, baada ya kupitisha mkono wa gia kila mahali na kuurudisha kwenye P, mahali pa kuegeshea. Ukizima injini, oili iliyokuwa juu kwenye lile bakuli inarudi chini kidogo kidogo, na kijiti kinakudanganya kwamba kuna oili nyingi. Yako magari machache yanayotaka vingine, basi mfuate mtengenezaji wa gari lako.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Muleba, karakana ndogo iliyotunza magari ya vituo vya afya vya kanisa. Huko ndiko nilikompata Kaikuru.

Kaikuru kwa Kihaya ni bibi kizee, na ndilo jina walilolipa gari la kituo kimoja kilicho juu ya kilima, vijiji vyake vikiwa chini kando ya ziwa. Lilikuwa gari refu la kuvuta magurudumu yote manne, la otomatiki, lililokwisha kutumika sana ng'ambo kabla halijafika kwetu. Rangi yake nyeupe ilikuwa imegeuka ya maziwa ya jana. Lakini mlango ukiufunga ulitoa mlio mzito wa gari lililotengenezwa na watu wenye subira, na akina mama wa vijiji vile walikuwa wakilitambua kwa mngurumo kabla halijatokeza kwenye migomba.

Dereva wake alikuwa Ta Byabato. Ta ndiyo heshima tunayompa mwanamume mtu mzima. Alikuwa dereva wa malori zamani, msafi kupita kiasi. Alipangusa viatu kabla ya kuingia kwenye gari, akakutazama wewe mpaka upanguse vyako.

Siku moja Kaikuru aliteleza katikati ya mlima, akiwa na mama mwenye uchungu ndani. Injini ilinguruma, gari likabaki palepale, na mama yule akamaliziwa safari kwenye machela, mabegani mwa vijana. Alijifungua salama, lakini kituo kizima kilitetemeka. Sista Msimamizi aliniita.

"Fundi, Mkurugenzi amesema Kaikuru akigoma mara nyingine, anauzwa kwa wanunuzi wa vyuma. Na gari lingine amesema wazi kwamba halipo. Unanielewa? Halipo."

"Nimekuelewa, Sista."

"Basi nenda kamtibu bibi yangu."

Nilipima kama alivyonifundisha Mhandisi. Oili ilikuwa chini mno. Nikainusa: harufu ya kuungua ilikuwa mbali sana, na rangi yake nyekundu haijawa nyeusi. Hiyo ilikuwa habari njema, maana klachi zilikuwa bado nzima. Nikafungua bakuli la chini ya giaboksi, nikabadilisha chujio, nikatazama sumaku inayonasa vumbi la chuma; ilikuwa na unga laini tu, si vipande. Nikajaza oili mpaka kwenye alama. Ta Byabato alikuwa amekwenda kuchukua chakula. Aliporudi nikamwambia, "Ipime kila siku, Ta." Akaitikia kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, kazi hiyo sijaanza leo." Tukapanda mlima, na Kaikuru akapanda kama msichana anayewahi harusi.

Haikupita wiki, Sista akapiga simu. "Fundi, amegoma tena. Bahati nzuri alikuwa amebeba ndizi tu."

Nilipofika, oili ilikuwa chini vilevile. Sasa oili haipotei kama umande. Lazima iende mahali. Nilipapasa kila mpira na kila unganisho: kukavu. Kwenye magari mengi oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta, na kukiwa na tundu maji hugeuka kama uji wa maziwa; maji ya Kaikuru yalikuwa safi. Nikatandika majani ya mgomba chini ya gari kutwa nzima, hakuna tone. Nikajaza tena. Wenzangu wa karakana wakasema giaboksi lifumuliwe lote. Mkurugenzi, mtu mwema lakini mwenye vituo vingi vya kulisha, akasema wanunuzi watakuja keshokutwa kuliangalia.

Hapo nikamkumbuka Fundi Mkuu. Chuma nilikuwa nimekwisha kukichunguza. Shahidi wa pili nilikuwa nimemwambia tu apime, sijamwangalia akipima.

"Ta Byabato," nikamwambia, "leo nalala kwako."

"Karibu. Lakini mke wangu atakulisha mpaka ushindwe kuingia chini ya gari."

Kweli alinilisha, ndizi na maharage, kisha akatuwekea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama desturi yetu kwa mgeni. Ta Byabato alinisimulia kuhusu baba yake, mtengenezaji hodari wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Gari lilikuwa limeegeshwa uani, limefunikwa turubai kama mgonjwa.

Kulipopambazuka nikamsikia akitoka. Nikamfuata na kikombe changu cha chai. Hakuwa amenawa hata uso. Alikunja turubai, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha giaboksi, akakifuta kwa kitambaa safi, akakirudisha, akakichomoa tena.

"Ona," akaniambia kwa fahari ya mtu asiyekosa zamu. "Imeumuka tena."

"Imefanya nini?"

"Imeumuka, Fundi. Ninyi mnajaza mnaondoka, hamuijui tabia yake. Oili hii ni kama rubisi kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi. Jioni ukiipima iko chini, usiku inapanda, asubuhi imevuka alama. Baba alikuwa akiona rubisi inataka kumwagika, anaipunguza. Na mimi naipunguza."

Akatoa bomba kubwa la sindano lililounganishwa na mpira wa dripu, akauingiza palipotoka kijiti, akavuta oili nyekundu polepole kama daktari. Akaimimina kwenye chupa safi yenye kizibo cha jani la mgomba. Hakupoteza hata tone.

Sikucheka. Huwezi kumcheka mtu anayeamka kabla ya jogoo kulitunza gari la watu.

"Ta, subiri kidogo. Tuwashe injini."

Tukaiwasha, tukaiacha ipate joto, nikapitisha mkono wa gia nikaurudisha. "Sasa pima."

Akapima. Akafuta kijiti, akapima tena. "Mbona imeshuka?"

"Imekwenda kazini. Asubuhi uliikuta yote imelala nyumbani, ukadhani imezidi. Injini ikiwaka inapanda juu kwenye bakuli lake, inajaa kwenye njia zake, inabana klachi. Ulichokuwa ukikitoa si ziada, Ta. Ndiyo ile ya kupandia mlima."

Alikaa kwenye bampa.

"Kwa hiyo nilikuwa namtoa bibi damu kila asubuhi."

"Ulikuwa unampima kama ulivyofundishwa kupima malori."

"Na yule mama wa kwenye machela." Akafunga na kufungua mikono. "Nani atamwambia Sista?"

"Gari ni lako," nikasema. "Nitasimama karibu."

Tukairudisha oili ya kwenye chupa mpaka kijiti kikasoma sawa, injini ikiunguruma. Kisha tukaenda kituoni. Ta Byabato alivua kofia, akamweleza Sista yote, mtumbwi wa baba yake pamoja na sindano. Sista alimsikiliza amekunja mikono. Nilidhani atakasirika, na haki alikuwa nayo.

"Byabato," akasema hatimaye, "miaka yote nakukataza kuleta rubisi hapa kituoni, kumbe unaitengeneza ndani ya gari!"

Akacheka mpaka wauguzi wakatoka kutazama. Ta Byabato naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa na maji.

"Na sindano yangu uirudishe," akaongeza Sista.

Kabla hatujamaliza kucheka, simu ikaja kutoka kijiji cha ziwani: mama ana uchungu, mtoto amekaa vibaya. Sista alitutazama sote wawili. Alichukua begi lake akaingia mbele, nami nikakaa nyuma.

Kushuka ni rahisi. Tulimpakia mama pamoja na mama mkwe wake, tukageuka. Mlima ule una kona moja ya mawe ambapo Kaikuru aligoma mara ya kwanza. Tulipoikaribia, Ta Byabato alianza kutokwa jasho shingoni. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, hapa si ndipo gari linapokataa?" Nilikuwa nasikiliza mlio wa injini, nikisubiri ule mngurumo mtupu.

Haukuja. Gia ilishuka moja kwa upole, magurudumu yakauma mawe, Kaikuru akapinda kona na kuendelea kupanda. Tulipofika getini Ta Byabato akaipiga dashibodi kwa kiganja, mara moja, kama unavyompiga ng'ombe aliyelima vizuri. Mtoto alizaliwa mchana ule, wa kike. Wanunuzi wa vyuma walipofika kesho yake, Mkurugenzi mwenyewe aliwanywesha chai, akawaaga.

Sasa nimestaafu. Nipo Nshambya na migomba yangu na kahawa kidogo. Ta Byabato naye amepumzika, na akija mjini hupita kwangu. Juzi tulikaa barazani tukitafuna kahawa, akanitazama tumbo, akatazama na lake.

"Fundi, tangu tustaafu tumeumuka."

"Hatujaumuka, Ta. Injini imezimwa, oili yote imeshuka chini."

Alikuwa bado anacheka nilipomwacha kwenda kupokea simu. Alikuwa Koku, binti aliyepokea usukani wa Kaikuru. Ta Byabato alimfundisha mwenyewe, na hakumkabidhi ufunguo mpaka alipomwona akipima mbele yake injini ikiwaka.

"Shikamoo Fundi. Nimetoka ziwani sasa hivi na mgonjwa, tumefika salama. Nimempima Kaikuru akiwa na joto lake, yuko kwenye alama. Mwambie Ta asiwe na wasiwasi."

Nikamwambia. Ta Byabato akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutafuna.

"Muulize," akasema, "kama amepangusa viatu."