Fundi wa Kanda Aliyenikatia Wimbo

Nilikuwa nasonga ugali uani, unga wa yanga, ule wa njano wa foleni, pale sauti ya fundi ilipotoka kwenye redio-kaseti yangu. Fundi, si mwimbaji. Wimbo ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Upepo umevuma kidogo, kinanda kinaingia kwa mbali kama mtu anayepanda ngazi pekupeku asiwaamshe wenye nyumba, na mimi nimeshusha pumzi ya kwanza tangu asubuhi. Mara: "Halo, halo! Kanda hii imerekodiwa na fundi bingwa, nyuma ya soko, Kariakoo. Usidanganyike na waigaji!"

Alipomaliza kuwataja waigaji, kinanda hakikuwepo tena. Kimekatwa. Akaruka mwimbaji kama aliyesukumwa mlangoni, akaimba kidogo, naye akakatwa. Nyuma yake ikaja bendi ya dansi inambembeleza mpenzi arudi nyumbani.

Hiyo ilikuwa mara ya pili. Baada ya mara ya kwanza nilikwenda kwake na adabu zangu zote, nikamwambia, "Fundi, wimbo huu ni mrefu, ndivyo ulivyo, naomba urekodi wote." Akasema, "Nimekuelewa, dada." Alichoelewa ndicho hicho sasa kilichokuwa kinaimba uani, na wapangaji wenzangu wanatikisa vichwa na kusema leo nimeleta muziki wa maana.

Nikamwambia jirani anitazamie sufuria. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikachomoa kanda, nikatoka. Mpaka nafika barabarani ndipo nilipoona kwamba nimeshika mwiko. Sikurudi.

Hapa inabidi nieleze santuri zenyewe, zile nilizompa fundi anirekodie kwenye kanda na zilizokuwa bado kwake. Kaka yangu ni baharia. Kila meli yake ikifunga bandarini huja kwetu na mfuko: sabuni, nepi, na siku hizo, sahani mbili za santuri. Hazikuwa zake. Alikuwa ameziazima kwa mwenzake wanayelala naye chumba kimoja melini, na alikuwa ameapa kuzirudisha bila mchubuko. Meli ilikuwa inaondoka Jumamosi. Mimi sikuwa na gramafoni. Nilikuwa na redio-kaseti tu. Kwa hiyo ama nirekodiwe kabla ya Jumamosi, ama nibaki na kumbukumbu. Na gramafoni yenye sindano nzima, mtaani kwetu kote, alikuwa nayo fundi yule mmoja. Sindano zilikuwa hazipatikani. Kitu gani kilikuwa kinapatikana?

Tangu nasoma sekondari mimi na kaka tulikuwa na ugonjwa huo wa santuri. Kulikuwa na duka la santuri kule Mchafukoge, chini ya maghorofa, na mwenye duka, mzee mmoja wa Kiarabu, alikuwa anatuachia tusimame mlangoni na sare zetu maadamu hatugusi kitu. Ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza wimbo unaojaza upande mzima wa sahani. Nilidhani mzee amelala akasahau. Wenzangu waliondoka. Mimi nilibaki mpaka sindano ikaanza kukwaruza katikati.

Sahani ya kwanza aliyoleta kaka ilikuwa ya aina hiyo. Ganda lake lina picha ya nyumba inayoelea mawinguni na mizizi inaning'inia chini, mambo ya watu wenye muda. Upande wa kwanza ni wimbo mmoja. Unaanza na upepo, kisha kinanda, na gita haliji. Unalisubiri, haliji. Unaanza kufikiria mambo yako, na hapo ndipo linapoingia, pole pole, na unajikuta ulikuwa unalisubiri bila kujua. Maneno yake ni ya kitoto, nasema kweli: wafalme, mabawa, bahari za kioo. Nina kidato cha nne, Kiingereza nakijua, na wale wapigaji, watu wazima wenye ndevu, walipaswa kuona aibu kidogo. Upande wa pili ni mbaya zaidi. Mpiga ngoma anaachiwa uwanja peke yake, anapiga, anapiga, mpaka unahisi wenzake wameenda kula. Lakini hata huo nilikuwa nautaka. Ni wa kwao, wamekosea wenyewe, wana haki ya kosa lao.

Sahani ya pili ilikuwa nyeusi nje na ndani. Hao hawana upepo wala kinanda. Magita yao yamelegezwa nyuzi mpaka yananguruma chini kabisa, kama mashine ya kusaga nafaka mkanda wake unapotaka kuteleza. Watu wakisikia wanasema ni muziki wa shetani. Mimi sikusikia shetani. Kaka aliniambia wapigaji wamekulia kando ya viwanda vya chuma, nikasema, hapo sawa, maana chuma kinasikika. Na mwimbaji wao analia kwa sauti ile ile ya mwanamke aliyepanga ndoo yake bombani tangu alfajiri halafu akarukwa. Kama unaniuliza mimi, hiyo nyeusi ni bora kuliko ile ya nyumba ya mawinguni. Haijifanyi. Ila ile ya mawinguni ndiyo niliyoihitaji zaidi.

Niliihitaji kwa sababu maisha yangu yote wakati ule yalikuwa vipande. Nyumba ya vyumba sita, familia sita, ua mmoja, choo kimoja. Usingizi unakatwa na mtoto, kuoga kunakatwa na anayegonga mlango, mazungumzo na mume yanakatwa na zamu yake kiwandani, chakula kinakatwa na habari kwamba duka la ushirika limeleta sukari, kimbia. Sikuwa na kitu hata kimoja kinachoanza mahali fulani na kwenda mpaka mwisho wake. Ila wimbo huo. Sasa mtu ameukata.

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, ukuta mzima makasha ya kanda, na benchi la watu wasionunua kitu. Alikuwa anazungusha kanda kwa penseli.

"Karibu, dada! Umekuja na mwiko, tunapika?"

Benchi likacheka.

"Fundi, wimbo wangu uko wapi?"

"Si huo mkononi?"

"Humu mna bendi za dansi. Mimi nilikupa wimbo mmoja wa upande mzima."

"Ndiyo maana!" Akaweka penseli chini, akawageukia watu wa benchi kana kwamba mimi ndiye mgonjwa na wao ndio ndugu zangu. "Jamani, nimpe mteja kanda yenye wimbo mmoja? Si ataniita mwizi? Nikamjazia. Na alipolalamika, nikamwongezea nyingine. Zile kali, zinazopigwa sasa."

"Nani alikuomba uniongezee?"

"Dada, kanda zenyewe ni za kutafuta kwa tochi. Upepo tu unavuma, vuuu, vuuu, nikadhani santuri imeharibika. Nikasogeza sindano mpaka Mzungu alipoanza kuimba. Ndiyo kazi yangu hiyo. Wenzako wananisifu kwa kukata mapambo."

Na alikuwa anasema kweli, hilo ndilo lililonichoma. Kariakoo nzima ilimpenda kwa sababu hiyo. Kanda ni adimu, basi yeye alikuwa anakata kila mahali pasipoimbwa, na watu wakirudi nyumbani wanahesabu nyimbo kama mtu anavyohesabu samaki kwenye fungu.

Mama mmoja aliyekuwa anauza karanga pembeni akaingilia. "Mwanangu, si amekufanyia hisani? Mimi nikipewa nyimbo za bure nashukuru."

"Mama, shikamoo."

"Marahaba."

"Ukienda kununua kitenge, muuzaji akakata kipande cha katikati akakitupa, halafu akakupa leso za kuzibia, utashukuru?"

Akafikiri sana, mkono ndani ya karanga. "Inategemea leso."

Benchi likaanguka kwa kicheko. Hata mimi nusura nicheke, na hilo likanizidishia hasira.

"Na sauti yako," nikamwambia fundi, "imefuata nini kwenye kinanda?"

"Huo muhuri wangu. Nisipopiga muhuri, wananiibia kazi."

"Kazi yako? Kazi yako ni kubonyeza kitufe. Na muhuri unapigwa pembeni ya karatasi, haupigwi usoni mwa mtu."

Hapo akakasirika na yeye. Akanyanyua ile sahani nyeusi, bila ganda, vidole vyake vyote juu ya mistari. "Na hii? Hii ndiyo kabisa. Watu wanapiga gita kama wanasaga mahindi. Mwanamke mzima, mtoto mgongoni, unasikiliza mambo haya ili iweje? Mumeo anajua?"

Mama wa karanga akasema, "Ah, fundi, hapo hapana."

"Mume wangu anajua," nikasema. "Shika sahani pembeni, si yako wala si yangu. Mume wangu anajua, kaka yangu anajua, na uani wote wanajua. Wewe ndiye hujui. Una masikio mawili na spika nne na hujawahi kusikiliza kitu mpaka mwisho. Ukisikia kimya unadhani kitu kimeharibika. Siku bwana harusi akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, na wewe uko karibu, utamjibia!"

Mtoto akaamka akaanza kulia. Nikawa nambembeleza huku nimenyoosha mwiko. Najua nilivyoonekana. Hata leo wapo watu Kariakoo wanaonijua kwa mwiko ule.

"Rekodi upya," nikamwambia. "Leo. Wote, tangu upepo. Bila muhuri."

"Sirekodi. Mimi ndiye fundi, mteja hanifundishi. Chukua santuri zako, na kama unaona nimekuonea, nenda kashitaki."

Alidhani ananifukuza.

Alikuwa anapanga kwenye mtaa wetu, nyumba ya nne kutoka kwetu, kwa hiyo balozi wa nyumba kumi alikuwa wetu sote wawili. Balozi alikuwa mzee mshonaji, cherehani yake barazani, na kesi zote alizisikiliza huku anashona: maji machafu, wake wenza, kuku. Nilipomwamkia na kumweleza, mguu wake ulisimama kwenye pedali.

"Wimbo?"

"Ndiyo, mzee. Amenikatia wimbo."

"Amekutukana?"

"Ameniuliza kama mume wangu anajua."

"Hilo ni jambo. Tuandike hilo."

"Hilo tuliweke pembeni, mzee. Nataka wimbo."

Akanitazama juu ya miwani. Kisha akasema basi niandike, kwa kuwa nimesoma. Malalamiko ya mdomo yatamfanya fundi aseme nilikwenda kupigana na mwiko, na mashahidi wa mwiko ni wengi kuliko mashahidi wa wimbo. Nikaandika pale pale, kwenye karatasi anazokatia mitindo, mtoto amekaa juu ya rundo la vitambaa. Nilipompa akasoma kwa midomo, akafika katikati, akachukua chaki yake ya kushonea.

"Mwanangu, ni nzuri. Lakini mwanzo huu mrefu. Hapa juu pote hujasema shauri. Tungekata hapa, tukaanzia hapa penye kosa."

Nikamtazama. Nadhani hakuelewa mara moja kwa nini namtazama hivyo. Kisha akaangalia karatasi, akaangalia chaki mkononi mwake, akairudisha kwenye kisanduku cha vifungo.

"Basi itasomwa yote," akasema.

Nayo ilikuwa hivi:

Kwa Ndugu Balozi wa nyumba zetu kumi.

Yahusu: kukatwa kwa wimbo.

Mimi ni mpangaji wa chumba cha tatu, upande wa uani, mke wa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo na mama wa mtoto mmoja. Asubuhi naamka kabla ya watu kwa ajili ya foleni ya maji. Baada ya maji kuna foleni nyingine. Sijawahi kuleta shauri kwako, na jirani aliponimwagia majivu kwenye nguo sikuja. Nayasema haya ili ujue kwamba sipendi ugomvi, na kwamba nikija, nimekuja.

Nilimpa fundi wa kanda, jirani yetu, santuri mbili za kuazima ili anirekodie kama zilivyo. Amekata mwanzo wa wimbo kwa kuwa hauna maneno. Amekata katikati kwa kuwa ni mrefu. Mahali palipokatwa ameweka nyimbo nisizoomba na sauti yake mwenyewe. Nilipomwambia, alirudia kosa kwa wingi zaidi na kuliita hisani. Sidai kwamba nyimbo zake ni mbaya. Nadai kwamba si zangu.

Anasema upepo si muziki. Mimi sikumpa ahukumu, nilimpa arekodi. Yeye akileta suruali kwako, Ndugu Balozi, na wewe ukakata miguu kwa sababu mifuko ndiyo yenye kazi, atakuja kulalamika hapa hapa, na atanihitaji mimi nimwandikie.

Santuri zinaondoka na meli Jumamosi, na sindano nzima iko kwake peke yake. Kwa hiyo naomba aamriwe kurekodi upya kesho, sahani zote mbili, pande zote, tangu sindano inapogusa mpaka inapofika katikati, pamoja na upepo, pamoja na yule mpiga ngoma, bila kuongeza na bila kuongea. Naomba pia wewe mwenyewe uwepo, ukae kwenye benchi lake na usikilize mpaka mwisho, ili akisema tena kwamba hamna kitu humo, awepo mtu mwingine anayejua kwamba kimo. Mimi nitakuwepo na mtoto. Mwiko nitauacha nyumbani.