Kufuli Jekundu la Waino Kangas

Kwa miezi tisa Waino Kangas alikula akiwa amesimama. Viti alikuwa navyo, ila meza ya jikoni ilikuwa imekaliwa na televisheni. Aliilaza kifudifudi juu ya blanketi la kijivu, mgongo wazi, na plagi yake imefungiwa ndani ya kikasha chenye kufuli jekundu. Kwenye kufuli palining'inia kibao kama vile vya mgodini: W. KANGAS, FUNDI UMEME, USIGUSE. Kando yake lilikaa boksi refu la karatasi ambalo halijafunguliwa, lenye mirija sita ya taa, myembamba kama mirija ya kunywea soda.

Mimi ni Rudy Stimac, jirani yake wa ng'ambo ya kichochoro. Nilikuwa msimamizi wake mgodini miaka kumi na tisa, na tangu tustaafu tumekunywa kahawa pamoja kila asubuhi, jikoni kwake, kwa sababu anasema kahawa yangu ni maji ya kuoshea vikombe. Mkewe Ailie alipofariki mwishoni mwa Februari sikuacha kwenda. Yeye aliegemea friji, mimi niliegemea sinki, tukanywa.

"Hii utaifunga lini?" nilimwuliza siku moja, nikiionyesha televisheni kwa kidevu.

"Ipo tu."

"Najua ipo. Naiona. Nimeuliza lini."

"Bosi, kunywa kahawa."

Basi nikanywa. Hakulia mazishini. Kina mama wa kanisa walimletea vyungu vya tambi na nyama vya kutosha mwezi mzima. Alikula vyote, akaosha vyungu, akavirudisha kila kimoja kwa mwenyewe. Jumamosi aliwasha moto wa sauna, kile chumba cha kujifukiza mvuke, kama kawaida, tukakaa humo uchi kama viazi vilivyomenywa. Ukimwuliza hali, anasema kawaida. Nami sitajifanya bora kuliko yeye. Niliitazama pembe ya sebule kilipokuwa kitanda cha Ailie, kile cha kukodi chenye magurudumu, na sikuhisi kitu. Ilikuwa pembe ya sebule. Nilikuwa nimekufa ganzi, na nilikuwa na sababu yangu ya kupendelea ganzi hiyo.

Ijumaa moja ya Novemba, theluji ya kwanza ikiwa imekwisha kutanda ardhini, binti yake Lorna alinipigia simu.

"Mzee Rudy, Kaija anauliza kama babu yake amemkasirikia."

Kaija ni binti wa Lorna, kipa wa timu ya hoki ya barafuni ya wasichana wa shule. Uwanja wa barafu uko mitaa minne kutoka kwa Waino. Tangu mtoto yule ana miaka sita, Waino hakuwahi kukosa mchezo uwanjani hapo. Sasa mazoezi yalikuwa yameanza wiki tatu zilizopita na hajatia mguu pale.

"Jumanne ndiyo mchezo wa kwanza," Lorna akasema. "Nikimwambia baba, anasema ataona. Unajua akisema ataona."

Najua. Mfini, mtu wa asili ya Ufini kama Waino, akisema ataona, ameshakataa.

Kesho yake asubuhi nikamwuliza bila kuzungukazunguka kwa nini haendi kumwona Kaija. Alikunywa nusu kikombe, kisha akasema, akiitazama ile televisheni: "Ailie hakumwona. Nikamwone mimi, kwa lipi?"

Jibu nilikuwa nalo, ila halikutoka.

Ngoja nieleze ya Februari. Timu ya kina Kaija ilikuwa imefika mashindano ya jimbo zima, kule mjini Saint Paul, na mchezo ungeonyeshwa kwenye televisheni Alhamisi saa saba mchana. Ailie hakuweza tena kutoka kitandani. Alisema jambo moja tu: nataka kumwona mtoto langoni. Jumatatu, televisheni ikazimika. Ukiiwasha, picha ilikuja sekunde mbili, kisha giza, na sauti ikaendelea kusema kana kwamba hakuna lililotokea.

Lorna alitaka kuleta mpya siku hiyo hiyo. Waino akakataa. "Kitu kinachotengenezeka hakitupwi. Nitaitengeneza." Akachukua tochi, akaibana ubavuni mwa kioo, akamwita mke wake aone. Palipoangukia mwanga, picha ilikuwapo, hafifu, watu wakitembea ndani ya giza. "Unaona? Haijafa. Ni taa za nyuma tu hazimuliki." Alifurahi kama daktari aliyekuta mshipa unapiga.

Akafunga plagi kwa kufuli lake, akafungua mgongo. Akapima, akanusa, akatazama kama kuna kilichovimba. Hakuna. Akaamua mkosaji ni ile kadi inayopandisha umeme kwenda kwenye mirija. Akaiagiza kwa haraka, ikaja Jumatano, akaifunga, akawasha: sekunde mbili, giza. Kumbe kadi ilikuwa nzima. Mrija mmoja ulikuwa umechoka, ncha zake nyeusi kama utambi, na kadi ikiona mmoja haushiki, inazima yote sita. Ni fundi mzuri, lakini mgodini tulizoea kubadilisha kwanza na kufikiri baadaye, kwa sababu vipuri havikuwa vyetu. Alirudisha mgongo kwa skrubu mbili, maana Ailie hakupenda kuona matumbo ya vitu, akarudisha kufuli kwenye plagi, na Alhamisi alfajiri akaendesha gari hadi mji wa Duluth kutafuta mirija. Akanipa mimi kazi ya kukaa na Ailie.

Alirudi jioni mikono mitupu. Mirija ingebidi iagizwe. Ailie akamwambia hapana neno, kwamba hata hivyo alikuwa amelala mchana kutwa. Jumamosi akafa. Mirija ikafika siku moja baada ya mazishi; televisheni akaihamishia meza ya jikoni, akafungua mgongo, akaishia hapo.

Waino alichosikia ni hicho: mke wangu aliomba kitu kimoja, mimi nikakataa televisheni ya dukani kwa ubishi, akalala akafa bila kuona. Na mimi nilimwacha asikie hivyo miezi tisa.

Sasa sheria ya kufuli. Mgodini, kabla hujaingiza mkono kwenye mashine, unakata umeme na kutundika kufuli lako mwenyewe, lenye jina lako, ufunguo mfukoni mwako. Hakuna mwingine anayeligusa wala kulizunguka, hata mashine ikae wiki nzima. Ukivunja mara ya kwanza, siku tatu nyumbani bila mshahara. Mara ya pili usirudi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiitekeleza. Sheria ni msumeno, nilikuwa nikiwaambia, hukata mbele na nyuma. Mwaka tisini na tatu nilimkuta Waino mwenyewe mikono ndani ya mkanda wa kubebea mawe, akitegemea kufuli la mwenzake, lake hajalitundika. Nikampa siku tatu. Jioni Ailie akaja barazani kwangu na koti juu ya nguo ya kulalia. "Rudy, hukukosea," akasema. "Lakini Mfini asiye na kazi, siku tatu ndani ya nyumba? Umeniadhibu mimi."

Asubuhi ile ya Novemba niliweka kikombe kwenye sinki. Nilijua nikitoka pale bila kusema, sitasema tena, na Jumanne mtoto atatazama jukwaani asimwone mtu.

"Waino, Ailie alimwona."

"Alilala. Aliniambia."

"Alikudanganya. Nilikuwapo."

Hakugeuka. Nikaendelea kusema upesi, kama mtu anayebandua plasta.

"Saa saba kasorobo aliniambia, Rudy, iwashe. Nikamwambia kuna kufuli. Akasema, naliona kufuli, mimi si kipofu, nimekuuliza kufuli? Nikamwambia siwezi, ni la Waino. Akasema, Rudy Stimac, mimi sina siku tatu za kupewa adhabu. Basi nikaenda chumba cha nyuma, nikachomoa waya wa ile kompyuta ya zamani ya Lorna. Unaingia vilevile nyuma ya televisheni. Waya wako nikauchomoa kwenye televisheni, nikauacha na kufuli lake, nikachomeka ule mwingine. Nikapitia nyuma ya kufuli lako."

Friji ililia, ikanyamaza. Waino alikuwa bado ameshika kikombe.

"Ilizimika," akasema.

"Sekunde mbili, halafu ikazimika. Nikasimama kando na tochi yako. Mchezo wote."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema umekwenda Duluth kwa ajili yake, usirudi ukute umekwenda bure. Akaniapisha."

"Alikwisha kufa, bosi. Kiapo gani cha miezi tisa?"

Hapo alinishika pabaya, na nilistahili. Nilikuwa nimejiambia kila asubuhi kwamba ni kiapo. Haikuwa kiapo. Nilikuwa nimewafukuza wanaume wawili wenye watoto kwa sababu ya kufuli, nikawaangalia machoni nikijiona mtu wa haki, na sikutaka fundi wangu bora ajue kuwa nami nilivunja. Niliona haya. Kwa ajili ya haya hiyo nilimwacha rafiki yangu ale amesimama. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo.

Alitoa ufunguo mfukoni. Kumbe miezi tisa ulikuwa hapo, kwenye mnyororo mmoja na wa gari. Akafungua kufuli, akalitia mfukoni pamoja na kibao. Akaisimamisha televisheni, akabandika mgongo kwa skrubu mbili, akachomeka. Kioo kikawaka, mwanamke fulani alikuwa akikata kitunguu, na sekunde mbili baadaye giza. Sauti yake ikaendelea kueleza kitunguu.

Waino akavuta droo, akanipa tochi.

"Nionyeshe. Ulishika wapi?"

Nikasimama upande wa kulia, nikaibana kwenye kioo kwa mshazari. Duara likatokea, ukubwa wa sahani ya chai. Ndani yake vidole na kisu.

Waino akavuta kiti, akakaa, mbali kiasi kile kile kitanda kilivyokuwa. Kilikuwa kiti cha kwanza nilichomwona amekalia jikoni mle tangu Februari.

"Ndogo hivi?"

"Ndogo hivi. Mwanzoni nilikuwa nakifukuza kile kisahani cheusi cha mchezo, nikawa nampotezea Ailie mtoto. Akanifokea. Achana na kisahani, akasema, niwekee mtoto tu. Basi nikaweka tochi langoni, sikuiondoa tena. Kisahani kikiwa upande wa pili, alikuwa akimtazama Kaija amesimama tu. Anakuna kofia. Anapiga nguzo kwa fimbo."

"Kushoto, kulia, kushoto."

"Hivyo hivyo. Ailie alikuwa akihesabu naye kwa kidole juu ya shuka. Walifungwa mbili kwa moja, lakini mtoto alizuia mikwaju thelathini na moja. Mkono wangu ulikufa ganzi, nikabadilisha, akanifokea tena kwa sababu duara lilicheza."

Waino alicheka. Haikuwa sauti kubwa, na katikati yake iligeuka kuwa kitu kingine, akaweka kiganja juu ya macho akakiacha hapo. Mabega yalikuwa yakitikisika. Nilitaka kwenda kumshika, ila hakuniambia nishushe tochi, kwa hiyo niliendelea kuishika. Mwanamke alimaliza kitunguu akaanza karoti. Nami nililia pia, nasema wazi, kwa mara ya kwanza, nikimulika karoti.

Alipomaliza alipangusa uso kwa mkono wa shati, akazima, akachomoa plagi. Akatoa kufuli mfukoni akaliweka mezani mbele yangu, jina likiwa juu.

"Ulifanya kazi chini ya kufuli la mtu mwingine."

"Ndiyo."

"Na hukuripoti."

"Sikuripoti."

"Sheria ni msumeno, bosi."

"Najua. Siku tatu."

"Siku tatu. Kwako. Kahawa yako mwenyewe."

Nilivaa koti na buti. Hakunisindikiza. Nilipofika mlangoni nilihesabu: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Nikageuka kumwuliza kuhusu Jumanne, naye tayari alikuwa amekata utepe wa lile boksi refu, ameinua mrija mmoja kwenye mwanga wa dirisha, anatazama ncha zake.

"Jumanne saa kumi na mbili jioni," akasema bila kuniangalia. "Njoo na blanketi. Lile jukwaa lina baridi."