Fahali Aliyeingia Katikati ya Filamu

Nilipokuwa nachuna ngozi katika kichinjio kimoja cha Dagoretti, kazi ilikuwa inaisha saa sita mchana. Tulinawa damu, tukavuka barabara hadi hoteli ya mama mmoja aliyekuwa na televisheni ukutani. Alipenda kutuwekea filamu za makauboi.

Siku moja aliweka filamu iliyotunyamazisha wote. Kwa muda mrefu lilionekana jangwa tu: mchanga mwekundu hadi upeo wa macho, miamba mirefu, mjusi akiinua mguu mmoja, halafu mwingine, kwa sababu ya joto. Mimi nimekulia Kakamega, kwenye mvua ya kila jioni. Nilitazama ukavu ule hadi chai yangu ikapoa.

Kando yangu, karibu na mlango, aliketi mzee wa hapohapo Dagoretti aliyenifundisha kushika kisu. Mbele yetu alikuwa mwanamume wa Marsabit aliyeleta ng'ombe asubuhi hiyo. Nyoka alipoonekana kwenye filamu, alisema hawezi kulala juu ya jiwe adhuhuri namna ile, amewekwa tu. Lakini tai waliposhuka kwenye mzoga wa farasi na kumdonoa macho kwanza, alitikisa kichwa kukubali.

"Huanzia hapo," akasema. "Hapo hawajadanganya."

Kauboi alikuwa akitambaa kuelekea kisimani, tumbo likivuja damu, tulipozisikia kelele. Nilidhani ni za filamu. Kisha mlango wa mabati ukang'oka.

Alikuwa fahali mweusi. Alikuwa ameponyoka kichinjioni katikati ya kuchinjwa. Koo lilikuwa limekatwa nusu tu na damu ilimtoka kwa kila pumzi. Mzee hakuwahi kusimama. Pembe ilimwingia pajani, ikamwinua, ikamtupa juu ya meza ya maandazi. Nilisikia mfupa ukivunjika. Fahali akarudi nyuma, akamjia tena.

Kila siku nilikuwa nakata wanyama, lakini waliokwisha kufa. Nilipanda juu ya kaunta. Hilo ndilo nililolifanya.

Yule wa Marsabit alivua koti akalitupa usoni mwa fahali, akanigeukia.

"Lete kisu."

Nikamrushia. Alizunguka nyuma akakata mshipa wa mguu, na mnyama akakaa chini kwa kishindo. Kisha akamshika pembe, akamalizia pale wenzetu walipoachia. Damu iliruka hadi kwenye kioo cha televisheni, na nyuma yake bunduki ziliendelea kulia. Mama wa hoteli alifunga paja la mzee kwa leso yake, tukambeba kwa pikapu ya nyama hadi hospitali.

Alipona, ila mguu mmoja ukawa mfupi. Nilikaa wiki mbili bila kwenda kumwona, nikijidanganya kwamba kazi ni nyingi. Nilipofika nyumbani kwake nilimwambia wazi kwamba nilikuwa na kisu kiunoni nikapanda kaunta.



"Hata mimi ningepanda," akasema. "Shida ni kwamba sikupata nafasi."

Mkewe alicheka kutoka jikoni. Mimi sikuweza kucheka. Mzee akaniomba nimsaidie kugeuka, kwa maana upande ule ulikuwa unamuuma. Nikamshika mabegani, nikashangaa alivyokuwa mwepesi, nikamgeuza polepole.